Makaburi ya Vita vya Waajemi: kutoka Athens hadi Plataea

Jumapili, Athens

Wageni wengi hupanda Akropolisi kwa upande wa magharibi, hupiga picha zao za Parthenon, kisha hushuka kutafuta kahawa baridi. Mjomba hakunipeleka huko kwanza. Yeye ni mtu wa Tanga, baharia mstaafu aliyelowea Piraeus tangu alipoacha meli, na Kigiriki chake cha mwanzo alikiokota kwa Wagiriki wa mashamba ya mkonge hata kabla hajaiona Ulaya. Alinipitisha vichochoro vya Anafiotika, chini ya ukuta wa kaskazini, akanyoosha kidole juu. Katikati ya mawe ya kawaida umejengewa mstari wa mapande ya nguzo za marumaru, mazito, ya mviringo, ambayo hayakuchongwa kwa ajili ya ukuta.

"Waliyaweka makusudi, mpwa wangu," alisema. "Wasimsahau aliyewachomea mji."

Mapande hayo ni ya hekalu ambalo Waathene walikuwa bado wanalijenga mwaka 480 KK, Waajemi walipoingia mjini na kuutia moto. Waliporudi waliyapachika upande unaoonekana kutoka sokoni. Sanamu zilizovunjwa walizifukia hapohapo mlimani. Nyingi zilifukuliwa karne ya 19 na leo zimo kwenye makumbusho ya Akropolisi, baadhi zikiwa na mabaki ya rangi kwenye mavazi.

Ugomvi wenyewe ulianzia ng'ambo, pwani ya Uturuki ya leo. Miji ya Kigiriki ya kule, iliyokuwa chini ya mfalme wa Uajemi, iliasi mwaka 499 KK. Athens ikapeleka merikebu 20 na Eretria 5, na Sardis, makao ya liwali wa mfalme, ikaungua. Herodotus, mwandishi wa historia wa Kigiriki ambaye bila yeye tungebaki tunapapasa gizani katika habari hizi, anasema Mfalme Darius aliamuru mtumishi amwambie mara tatu kila aketipo kula: Bwana, wakumbuke Waathene. Mwaka 490 akawatumia jeshi, likashindwa Marathon. Miaka kumi baadaye akaja mwanawe Xerxes mwenyewe, ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kwa jina la Ahasuero, mumewe Esta, mtawala wa nchi zote toka Bara Hindi mpaka Kushi.

Kushi ndiyo iliyonileta. Katika orodha ya askari wa Xerxes, Herodotus anawataja watu weusi wa kusini ya Misri: wamevaa ngozi za chui na simba, wana pinde ndefu za mti wa mtende, mishale yenye ncha za jiwe, mikuki yenye ncha za pembe ya paa, na wakienda vitani hujipaka nusu ya mwili chokaa na nusu rangi nyekundu. Walitembea mpaka huku. Leonidas, mfalme wa Sparta, ana sanamu; Miltiades, jemadari wa Athens, ana sanamu. Mimi nilitaka kuona walikozikwa hawa na wengine wa namna yao, wa pande zote mbili.

Jumatatu, Marathon

Basi la mkoa linaanzia kando ya bustani ya Pedion Areos, na nauli hukatiwa humohumo ndani. Barabara ndiyo ileile ya mbio za kila Novemba zinazoishia uwanja wa Panathinaiko, ambazo Wakenya wamezishinda mara nyingi mno hata mjomba ameacha kufuatilia. Kisa cha mjumbe aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athens, akatangaza ushindi na kukata roho, Herodotus hakijui. Anayemjua yeye ni Pheidippides, aliyetumwa kabla ya vita kwenda Sparta kuomba msaada, mwendo wa kilomita 240 hivi, akafika siku ya pili. Wasparta wakamjibu kwamba mwezi haujajaa, sheria yao haiwaruhusu kutoka. Walipofika, vita vilikuwa vimekwisha. Wakaomba waonyeshwe maiti za Waajemi, wakawasifu Waathene, wakarudi kwao.

Kaburi la Waathene ni tuta la udongo la mita tisa hivi kwenda juu, limeota majani, limezungukwa na mizeituni. Chini yake wamelazwa watu 192. Mwanaakiolojia Valerios Stais alilichimba mwaka 1890 akakuta tabaka la majivu na mkaa, mifupa iliyochomwa, na vichupa vyembamba vya udongo vya kutilia mafuta ya maiti. Kwa desturi ya Athens wafu wa vita walirudishwa kuzikwa mjini. Hawa walizikwa walipoangukia, kwa heshima ya pekee.

Na Waajemi? Hesabu ya Herodotus ni 6,400. Si namba ya kubahatisha, maana kulikuwa na sababu ya kuhesabu: Waathene walikuwa wameweka nadhiri kwa mungu wao Artemi, mbuzi mmoja kwa kila adui atakayeuawa. Vita vilipokwisha mbuzi hawakutosha. Wakaamua kuchinja 500 kila mwaka, na karibu miaka tisini baadaye mwandishi Xenophon anaandika kwamba bado wanachinja. Lakini msafiri Pausanias, aliyepita hapa karne ya 2 baada ya Kristo, anasema aliambiwa Waajemi walizikwa kwa kuwa dini inataka kila maiti afunikwe udongo, ila yeye hakuona tuta wala alama yoyote. Alikisia walitupwa shimoni ilimradi.

Huyohuyo Pausanias anataja kaburi la pili, la watu wa Plataea pamoja na watumwa, kwa sababu siku ile, anasema, ndipo watumwa walipopigana kwa mara ya kwanza. Plataea ni mji mdogo uliokuja na watu wake wote wenye silaha wakati miji mingine ilikaa kimya. Tuta moja lililo karibu na makumbusho, kule Vrana, Spyridon Marinatos alilifukua mwaka 1970 akasema ndilo. Wanazuoni wengine hawakubali. Tulitembea mpaka pale jua likiwa kali. Hakukuwa na mgeni mwingine, na mlangoni mlinzi alikuwa anakula mbegu za alizeti.

Jumanne, Faliro na Salamis

Hii ilikuwa siku ya mjomba. Asubuhi tulikwenda Faliro, ambako imewekwa Olympias, merikebu ya vita iliyoundwa mwaka 1987 kwa kufuata zile za kale: urefu karibu mita 37, makasia 170 kwa safu tatu. Mjomba aliinama kuchungulia safu ya chini, akakaa ameinama muda mrefu.

"Huku chini unavuta kasia wala bahari huioni," alisema. "Unasikia tu. Mwenzako wa juu yako amekukalia kichwani."

Nikamsimulia kwamba tamthilia moja ya vichekesho ya Athens ina utani kuhusu wa juu kumjambia wa chini usoni. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kila mpiga kasia alikuwa na vitu vyake vitatu: kasia, mto wa kukalia, na kitanzi cha ngozi cha kulifungia kasia ubavuni mwa chombo. Kwenye merikebu ya watu 200, wenye kuvuta ni 170. Wengine ni askari wachache, wapiga mishale, nahodha na wasaidizi wake. Kwa upande wa Athens wavutaji wengi walikuwa raia maskini, watu wasiomudu kununua ngao na chapeo. Fedha ya kuundia merikebu 200 ilitoka migodi ya Laurion, iliyochimbwa na watumwa. Mwaka 483 KK fedha ile ilitakiwa igawiwe kwa raia, kila mmoja drakma kumi, ila kiongozi wao Themistocles akawashawishi waundie merikebu.

Mchana tulifika Perama kupanda pantoni ya kwenda Paloukia. Mtu wa Dar hahitaji maelezo: magari yanaingia kinyumenyume, pikipiki zinapenya, abiria wa miguu wanasukumana pembeni, na kabla hujamaliza soda umefika, Kigamboni kabisa. Robo saa tu. Na hapo katikati ndipo palipokuwa na vita.

Mjomba aliegemea ukingo akawa anapima kwa macho: bara huku, kisiwa kule, rasi ya Kynosoura imejinyoosha kuja mashariki. "Merikebu mia ngapi?" Za Wagiriki zaidi ya 370, nikamwambia, na za Xerxes zaidi kwa mbali. Akatikisa kichwa. "Mwenye vyombo vingi asingeingia humu kwa hiari yake."

Hakuingia kwa hiari. Usiku uliotangulia Themistocles alimtuma mtumwa wake Sicinnus, mlezi wa watoto wake, kwa mashua mpaka kwa Waajemi, akawaambie kwamba Wagiriki wameingiwa na hofu na wanataka kutoroka, wafungiwe njia sasa hivi. Waajemi wakaamini. Wapiga makasia wao wakakesha baharini wakivuta, na alfajiri wakaingia mlango ule mwembamba wamechoka, safu za nyuma zikisukuma za mbele, wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Xerxes alikaa chini ya mlima Aigaleo akitazama, makarani wake wakiandika nani kafanya nini.

Merikebu zile wala hazikuwa za Waajemi. Zilikuwa za Wafoinike, Wamisri, Wasaiprasi, na hata Wagiriki wa pwani ya Asia waliolazimishwa kupigana na ndugu zao. Wamisri walikuwa wamekuja na merikebu 200, na wiki chache kabla, katika vita vya baharini vya Artemisium, ndio walioshinda wote upande wa mfalme kwa ushujaa: waliteka merikebu tano za Kigiriki pamoja na watu wake. Hapa Salamis, anasema Herodotus, Wagiriki ambao vyombo vyao vilizama waliogelea hadi kisiwani, lakini wengi wa upande wa pili walikufa maji kwa kutojua kuogelea.

Upepo wa magharibi ulizoa mabaki ukayapeleka pwani ya Kolias, upande wa pili wa ghuba. Kulikuwa na utabiri wa zamani kwamba wanawake wa Kolias watapikia makasia. Kuni zikapatikana. Maiti hazitajwi zilifanywa nini.

Rasi yenyewe ina mnara wa shaba uliowekwa mwaka 2006, wa wapiganaji wa Kigiriki. Sehemu kubwa ya ufuo ni kambi ya jeshi la maji na karakana za meli, hupiti. Tulikula samaki Paloukia, tukarudi.

Jumatano, njiani

Mvua tangu alfajiri. Tulikodi gari, tukapotea kutoka Athens kama wapoteavyo wote, tukalala Lamia. Hakuna la kusimulia.

Alhamisi, Thermopylae

Mtu aliyesoma habari za Thermopylae anatarajia njia nyembamba, mlima upande mmoja na bahari upande wa pili. Mlima upo. Bahari imehama: mto Spercheios umekuwa ukileta tope kwa miaka karibu 2,500, na sasa palipokuwa na mawimbi pana mashamba kwa kilomita kadhaa. Barabara imepita kandokando. Chemchemi za maji moto, zilizopapa mahali jina lake, bado zinatiririka na kunuka kiberiti. Mjomba alivua viatu akatumbukiza miguu akasema hapa ndipo mahali pa kwanza katika safari hii panapomfaa mzee.

Sanamu ya Leonidas ni ya mwaka 1955, uchi, mkuki juu, na watalii hawakauki. Hatua chache pembeni kuna nyingine, ya mwaka 1997, ya watu wa Thespiae: mwili wenye bawa, hauna kichwa. Karibu hakuna aliyeisogelea. Kila mtu anajua Wasparta 300. Lakini Leonidas alipokuja alikuwa na watu kama 7,000 kutoka miji mbalimbali, na alipojua kwamba Ephialtes amewaonyesha Waajemi njia ya mlimani, akawaruhusu wengi waondoke. Wathespiae 700 walikataa kuondoka. Wasparta walikuwa na amri ya mfalme wao na sifa ya mji wao. Hawa walikuwa wakulima na mafundi wa mji mdogo uliotoa karibu kila mwanamume wa kubeba silaha. Kwa mizani yangu wao wana haki ya ile sanamu kubwa.

Ng'ambo ya barabara kuna kilima kidogo, Kolonos, ambapo Wagiriki wa mwisho walimalizwa kwa mishale. Marinatos alipochimba mwaka 1939 aliikuta mishale hiyo, vichwa vya shaba na chuma kwa wingi. Juu pana bamba lenye maneno maarufu yanayomwomba mgeni awaambie Wasparta kwamba sisi tumelala hapa, tukitii maneno yao. Bamba halimtaji mtwana wa Eurytus. Eurytus alikuwa Msparta mgonjwa wa macho. Aliposikia wamezungukwa aliitisha silaha zake akamwamuru mtwana wake amshike mkono ampeleke vitani kwa kuwa haoni. Mtwana akamfikisha, akageuka, akakimbia. Ninamwelewa. Wenzake wengi hawakukimbia, au hawakupata nafasi: Herodotus anasema kati ya maiti zilizodhaniwa kuwa ni Wasparta na Wathespiae kulikuwa na watwana pia.

Waajemi waliokufa hapa anawataja kuwa 20,000. Xerxes aliacha kama 1,000 juu ya ardhi, wengine akawafukia kwenye mahandaki, akafunika kwa majani na udongo. Kisha akawaita mabaharia wake waje kutazama ushindi. Walikuja kwa mashua nyingi hata zikapungua, wakatembea kati ya maiti siku nzima, na hawakudanganyika: upande mmoja maiti elfu zimetawanyika huku na huko, upande wa pili maelfu wamelundikwa mahali pamoja. Basi makaburi ya askari wa Xerxes yalianza kufichwa na Xerxes mwenyewe. Yako hapa mahali fulani, chini ya tope la Spercheios.

Ijumaa, Thespies na Plataies

Thespies ni kijiji cha Boeotia chenye mkahawa, wazee, na matrekta. Baada ya vita mji ulikuwa umechomwa na wanaume wake wamekwisha, kwa hiyo ukapokea raia wapya. Mmoja wao alikuwa Sicinnus, yule mtumwa wa mashua ya Salamis. Themistocles alimwachia huru, akamtajirisha, akamfanyia mpango wa uraia hapa. Hilo nilimweleza mjomba tukinywa kahawa, na lilimkaa kuliko yote aliyoyasikia wiki nzima. Ameishi Piraeus miaka mingi na anajua foleni za karatasi za ukaazi. "Basi yule alilipwa," alisema, akaagiza kahawa ya pili.

Plataies ni mwendo mfupi tu kusini, chini ya mlima Kithairon. Kuta za mji wa kale zimelala mashambani, jiwe juu ya jiwe mahali pengine, mahali pengine chungu tu ya mawe. Hapa mwaka 479 KK jeshi la nchi kavu la Uajemi lilivunjwa. Mardonius, jemadari aliyeachwa na Xerxes, aliuawa kwa jiwe la kichwa. Jemadari wa Wagiriki alikuwa Pausanias wa Sparta, si yule msafiri wa Marathon, ni jina tu.

Wasparta walikuja 5,000, na kila mmoja alifuatwa na watwana saba, hiyo ni 35,000. Walipozika wafu wao walichimba makaburi matatu, na la tatu lilikuwa la watwana. Kaburi la pamoja, bila majina, lakini kaburi. Katika safari yote ndilo la watwana pekee ambalo Herodotus analitaja waziwazi. Waliobaki hai walipewa kazi ya kukusanya nyara, na wakaiba walichoweza. Dhahabu ya mahema ya Waajemi waliwauzia wafanyabiashara wa Aegina kwa bei ya shaba, na Herodotus anasema utajiri wa Aegina ulianzia hapo.

Na Kushi pia ilikuwa hapa. Mardonius alipowapanga watu wake kando ya mto Asopos, kati yao walikuwepo watu wa Kushi na Wamisri, wale Wamisri waliokuwa askari wa merikebuni, aliowateremsha kabla jeshi la majini halijaondoka. Wangapi, Herodotus hasemi. Anachosema ni kwamba miaka ya baadaye watu wa Plataea waliokota mifupa ya Waajemi, nyama zikiwa zimekwisha, wakaikusanya mahali pamoja, na katika kuikusanya wakaona fuvu lisilo na mishono, mfupa mmoja mtupu. Maiti ya Mardonius ilipotea siku iliyofuata vita. Wengi walijitokeza kudai wao ndio waliomzika, na mwanawe Artontes aliwalipa zawadi kubwa wote. Mtoto wa jemadari anaweza kununua kaburi la babake mara nyingi. Wa Kushi wamo kwenye lile rundo.

Niliuliza kijijini kama kuna mahali panaposemekana kuwa palikusanywa mifupa. Mama mmoja aliyekuwa anaanika pilipili alimjibu mjomba kwa kirefu, akionyesha huku na kule.

"Anasemaje?"

"Anasema anza hapa mpaka mtoni, kila mwenye trekta ameshawahi kufukua kitu."

Jumamosi, Delphi

Watu wengi, mandhari inayostahili watu hao. Sisi tulikwenda moja kwa moja kwenye jiwe la kitako mbele ya hekalu la Apollo, palipokuwa pamesimamishwa kigoda cha dhahabu cha miguu mitatu juu ya nguzo ya nyoka watatu wa shaba waliosokotana, sadaka ya ushindi wa Plataea kutoka kwenye nyara. Pausanias aliandikisha hapo jina lake peke yake. Wasparta walilifuta wakaandika majina ya miji. Dhahabu iliporwa karne iliyofuata, katika vita vya Wagiriki kwa Wagiriki. Shaba ilihamishwa na Konstantino kwenda kupamba mji wake mpya.

Mjomba alinisindikiza kiwanjani usiku. Nilimshika mkono nikamwambia shikamoo tena, kwa kuwa sikujua neno jingine.

Jumapili, Istanbul

Ndege ya kurudi inapitia hapa na kusubiri ni kwa saa nyingi, nikaingia mjini. Nguzo ya Nyoka iko Sultanahmet, uwanja wa zamani wa mbio za farasi, ndani ya shimo lenye uzio kwa sababu ardhi imepanda tangu ilipowekwa. Imebaki zaidi kidogo ya mita tano. Vichwa vimevunjika, kipande cha kimoja kiko kwenye makumbusho ya akiolojia hapohapo mjini. Watalii wanaipita kwenda kupiga picha mnara wa Kimisri ulio karibu nayo.

Maandishi yako kwenye mizunguko ya chini na kwa macho matupu huyaoni. Yamesomwa zamani: hawa walipigana vita, kisha majina 31, Wasparta kwanza, Waathene wa pili, Wakorintho wa tatu. Wathespiae wamo. Waplataea wamo. Wamo pia watu wa Tenos, kisiwa ambacho Herodotus anaeleza kilivyopata nafasi: usiku wa kuamkia vita vya Salamis merikebu yao moja ilitoroka, ikawapelekea Wagiriki habari za kweli za kuzungukwa kwao. Merikebu moja, na hiyo yenyewe ilikuwa imekuja na Xerxes.